Kibodi ya waya kuwa ya Bluetooth: ya kujua kabla hujaikata kebo

Anayetaka kuondoa waya kwenye kibodi yake huanza kwa kuwaza Bluetooth: itashika kweli? Itashika. Bodi ndogo zenye redio ndani zimeifanya sehemu hiyo kuwa nyepesi kuliko zote. Kinachowashinda watu ni umeme. Kibodi ya waya ilibuniwa kwa uhakika kwamba mlango wa USB utaipa volti 5 na hadi miliampea 500 muda wote, kwa hiyo aliyeibuni hakuwa na sababu ya kubana matumizi. Ukiihamishia kwenye betri, kila taa na kila chipu iliyokuwa ikila bure inaanza kukudai. Nimeifanya kazi hii kwa kibodi za aina mbalimbali. Ninayoandika hapa ni hatua zake toka mwanzo, pamoja na mahali pesa na jioni za watu zinapopotelea.

Zipo njia mbili. Ya kwanza haigusi kibodi yenyewe: unatengeneza kisanduku cha kati, kibodi inachomekwa humo kwa USB yake, kisanduku kinasoma vitufe na kuvirusha kwa Bluetooth. Hapa ndipo watu hununua bodi isiyofaa. ESP32 ya kwanza, chipu yenye redio ndani, ina Bluetooth lakini haiwezi kuwa mwenyeji wa USB, yaani kusoma kifaa kilichochomekwa kwake. ESP32-S2 ina USB lakini haina Bluetooth kabisa. Inayounganisha yote mawili ni ESP32-S3, nayo ina Bluetooth ya nishati ndogo tu, ile inayofupishwa BLE. Soma herufi zilizochapwa juu ya kifuniko cha chuma cha moduli, usitegemee jina lililoandikwa kwenye tangazo la muuzaji. Jambo lingine ni kwamba bodi nyingi za S3 hazitoi volti 5 kwenye soketi yao ya USB. Utachomeka kibodi, taa haitawaka, utadhani programu ina kosa, kumbe kibodi haijapata umeme. Inabidi uivutie volti 5 kwa waya wa pembeni.

Piga hesabu kabla hujainunua. Redio ya S3 ikiwa inafanya kazi hula karibu mA 100. Kibodi ya kawaida isiyo na mataa tuipe mA 30. Jumla mA 130 kwa volti 5, yaani wati 0.65. Betri ya lithiamu ni volti 3.7, hivyo unahitaji saketi ya kuipandisha hadi 5, na saketi hizo hupoteza kiasi. Tukisema asilimia 15, betri inatoa wati 0.76 hivi. Betri ya mAh 1020 ina wati-saa 3.8 hivi. Gawanya: saa tano. Hiyo ni betri mpya na halisi. Kwa seli ya duara ya 18650 yenye mAh 2500 utapata saa kumi na mbili. Kisanduku hiki kinafaa pale ambapo kibodi hairuhusiwi kufunguliwa, au kisanduku kitakaa juu ya pawabenki. Kwa kibodi ya kubeba kila siku, mimi sikishauri.

Njia ya pili ni kung'oa ubongo wa kibodi na kuweka mwingine. Bodi zinazofaa ni zile zenye chipu ya nRF52840 ya Nordic, hasa zenye umbo la Pro Micro, bodi ndogo inayotumika kwenye kibodi za kujitengenezea. Nice!nano ndiyo inayojulikana zaidi, na nakala zake za Kichina zimejaa sokoni. Kwenye karatasi ya data, redio ya chipu hii inaporusha kwa nguvu ya kawaida hula mA 4.8, tena kwa vipande vifupi sana vya sekunde, na ikizimika kabisa inabaki na mikroampea 0.4. Ukiandika mfululizo, wastani hauzidi mA 1. Betri ile ile iliyodumu saa tano sasa inakupa wiki kadhaa za kazi. Kuanzia hapa naizungumzia njia hii tu.

Kibodi gani inastahili

Fungua skrubu utazame ndani kabla hujaagiza chochote. Ukikuta karatasi tatu za plastiki zenye mistari ya kijivu au ya fedha, hiyo ni membreni. Mistari ile imechapwa, haikubali risasi: ukiigusa na pasi ya kulehemu, plastiki inajikunja hapo hapo. Imeungana na bodi ndogo kwa kubanwa tu, na ubongo wake uko chini ya tone jeusi la gundi gumu ambalo halitoki. Kinachowezekana ni kuibakiza bodi ile ndogo, kukata njia za shaba zinazoelekea kwenye tone jeusi, na kulehemu nyaya nyembamba kwenye njia zinazotoka kwenye vibano. Kibodi kamili ya membreni mara nyingi ina njia 26, na kila moja ni waya mmoja wa kulehemu mahali pasipozidi milimita moja. Isitoshe, membreni haina diodi, kile kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili mmoja, cha nne nacho kinaonekana kimebonywa. Programu ya kiwandani inajua kulizuia hilo. Programu inayodhani kila kitufe kina diodi itaandika herufi ambayo hukuigusa. Kwa gharama ya bodi, betri na muda wako, kibodi mpya isiyo na waya ya membreni ni nafuu. Sema hivyo kwa mtu yeyote anayekuletea ya kwake akitaka ugeuze.

Kibodi ya mekanika ni habari nyingine. Kwa kawaida kila swichi ina diodi yake, bodi ni ya shaba halisi, na kibodi yenyewe ni ya thamani inayostahili jasho. Iliyo rahisi kupita zote ni ile iliyotengenezwa kwa mikono na yenye Pro Micro kwenye soketi: unachomoa, unachomeka nRF52840, nusu ya kazi imekwisha. Ya kiwandani ina chipu iliyolehemiwa kwenye bodi kuu, na chipu hiyo lazima itoke. Wapo wanaoiacha, wakiamini kwamba bila umeme imekufa. Haijafa. Pini zake zina diodi za kinga ndani, na umeme unaopita kwenye njia za vitufe unaingia humo na kuiamsha nusu-nusu. Matokeo yake vitufe vinajibonyeza vyenyewe na betri inaisha bila sababu unayoiona. Itoe kwa hewa ya moto, nyuzi 350 hivi, na flaksi (dawa ya kulehemia) ya kutosha. Kama huna mashine ya hewa ya moto, kata miguu yake mmoja mmoja kwa kisu chembamba, kisha usafishe mabaki kwa pasi.

Hesabu pini: kila mstari wa vitufe unadai yake. Kibodi ya vitufe 61 kwa kawaida ina mistari 5 ya mlalo na 14 ya wima, jumla 19. Nice!nano ina pini 21 za kutumia, kwa hiyo inatosha. Isiyo na namba pembeni, ya vitufe 87, ikiwa na mlalo 6 na wima 17 inadai 23, hazitoshi. Dawa yake ni chipu za 74HC595, ambazo hupatikana kirahisi kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Mbili zikiungwa mfululizo hukupa matokeo 16 kwa pini tatu tu, na zinafanya kazi vizuri kwa volti 3.3. Zitumie upande wa wima kama diodi zinaelekea mlalo, kwa sababu 595 inatoa umeme tu, haisomi.

Kuchora ramani ya vitufe

Hii ndiyo kazi inayochosha, na ndiyo isiyofaa kuharakishwa. Weka mita ya umeme kwenye alama ya diodi. Gusa mguu wa swichi kwa ncha moja na kila pini ya chipu iliyoondolewa kwa ncha nyingine, mpaka upate inayolingana. Diodi nzima inasoma kati ya volti 0.5 na 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haisomi kitu. Andika kila kitufe kiko mlalo upi na wima upi, na andika upande ambao ncha nyekundu ilikuwa diodi iliposoma. Upande huo ndio utakaouandika kwenye programu kama `col2row` (wima kwenda mlalo) au `row2col` (mlalo kwenda wima). Ukiukosea, kibodi nzima inakaa kimya, hakuna hata kitufe kimoja, na watu huishia kulehemu upya nyaya zisizo na kosa lolote. Kibodi ikiwa kimya yote kwa pamoja, badilisha neno hilo kwanza kabla hujashika pasi.

Kwa anayeshikilia membreni yake licha ya yote niliyosema: mlio wa mita usiutegemee. Njia zile zina ukinzani wa makumi hadi mamia ya omu, na mita nyingi hazilii kwenye ukinzani wa kiasi hicho. Weka kwenye kipimo cha omu 2000 usome namba kwa macho.

Programu ya kutumia ni ZMK, ya bure. Huhitaji kusakinisha chochote kwenye kompyuta yako: unaandika mafaili ya mpangilio, unayapandisha kwenye tovuti ya GitHub, mashine zao zinakutengenezea faili la `.uf2`. Unaunganisha bodi kwa USB, unagusisha pini ya kuwasha upya na ya ardhi (GND) mara mbili haraka, bodi inajitokeza kama flashi, unaliburuta faili ndani, flashi inatoweka yenyewe. Kutoweka huko wengi hukudhania ni hitilafu. Ndiyo dalili kwamba imekubali.

Fanya jaribio hili bodi ikiwa bado mezani, kabla ya kulehemu hata waya mmoja. Lisha programu, tafuta jina la kibodi kwenye simu, ungana nayo, kisha gusisha pini moja ya mlalo na moja ya wima kwa kipande cha waya uone kama herufi inatokea. Nakala za bei ndogo hutofautiana, na bodi mbovu ni afadhali uijue ikiwa bado inarudishika kwa muuzaji. Nice!nano halisi huuzwa dola 25 hivi, nakala ni dola chache tu, na nauli ya mzigo kutoka nje inaweza kuipita bei ya nakala yenyewe. Agiza mbili.

Betri

Huku kwetu betri iliyo karibu kuliko zote ni BL-5C, ile ya simu za Nokia za vitufe ambayo sasa iko kwenye redio ndogo nyingi. Ni volti 3.7, unene usiofika milimita 6, na ya asili imeandikwa mAh 1020. Ina vibati vitatu: jumlishi na toa zimeandikwa kwenye ganda, cha kati kiache, kilikuwa cha simu kuitambua betri. Usilehemu moja kwa moja kwenye vibati kama unaweza kuepuka. Chukua kishikizi chake kutoka kwenye redio iliyokufa, utaweza pia kuibadilisha baadaye bila kufungua kibodi nzima. Ukilazimika kulehemu, kwaruza kibati kidogo, weka flaksi, gusa kwa sekunde moja au mbili na uiache ipoe.

Mashaka ya BL-5C ni kwamba nyingi sokoni zina namba ya uongo. Kuipima si kazi ngumu. Ichaji ijae hadi volti 4.2, kisha unganisha rizista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 5. Itavuta karibu mA 370. Ipime volti kila baada ya muda mpaka ifike 3.0, hapo uikate. Ya kweli itachukua saa mbili na robo tatu hivi. Ikiisha ndani ya saa moja, umeuziwa mAh 350 na kidogo. Rizista itakuwa ya moto, iweke juu ya kigae, na usiondoke hapo. Betri isiyo na saketi ya kinga ndani haifai kuwekwa kwenye kitu unacholala nacho chumba kimoja. Na iliyovimba, hata kidogo, isiingie kwenye kibodi.

Ukinunua betri bapa za kuagiza, namba zake ni vipimo: 301230 ni unene milimita 3.0, upana 12, urefu 30, na huwa na mAh 110. Hizi huja na soketi ndogo nyeupe. Rangi za nyaya zisikudanganye: wauzaji tofauti huweka jumlishi pande tofauti za soketi ile ile. Pima kwa mita kila betri, hata ya muuzaji yule yule uliyenunua kwake jana. Ukiigeuza mara moja tu, bodi nyingi haziponi.

Nice!nano ina chaja yake ndani inayotoa mA 100, na kuna sehemu ya kuunga kwa risasi ili ifike 500. Betri ya mAh 110 iachie mA 100. BL-5C kwa mA 100 itachukua zaidi ya saa kumi, yaani usiku mzima, na hilo halina ubaya; ukiiongeza hadi 500 bado ni nusu ya uwezo wa betri, salama. Wasiojua hili hununua moduli ya kuchaji ya TP4056 na kuiunga pamoja na chaja iliyomo. Chaja mbili kwenye betri moja ni hapana. Na pale bodi isipokuwa na chaja na TP4056 inahitajika kweli, kumbuka kwamba hutoka kiwandani na rizista ya kilo-omu 1.2, inayochaji kwa ampea 1 nzima. Ibadilishe iwe kilo-omu 10, utapata mA 130. Chipu hiyo huacha kuchaji mkondo ukishuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule uliopangwa, kwa hiyo kibodi yenye mataa ikiwa inavuta umeme wakati huo huo, taa ya kujaa haiwaki kamwe na betri inabaki kwenye volti ya juu siku nzima.

Tukiwa kwenye mataa: yakate. Taa za rangi za WS2812 hula umeme hata zikiwa nyeusi, kila moja karibu nusu miliampea au zaidi. Themanini zikizimwa kwa programu bado zinavuta makumi ya miliampea, na mahesabu yote ya wiki kadhaa yanageuka kuwa siku moja. Kata njia yao ya umeme kwenye bodi, au uipitishe kwenye pini ya VCC ya nice!nano, ambayo programu inaweza kuifunga kabisa.

Usingizi, na jinsi ya kuupima

ZMK haiingii usingizi mzito bila kuambiwa. Andika `CONFIG_ZMK_SLEEP=y` kwenye mafaili yale ya mpangilio; muda wake wa kawaida ni dakika 15 bila kubonyeza kitu. Kibodi iliyolala, kitufe cha kwanza huiamsha tu, herufi yake mara nyingi hupotea, na inachukua kitambo kuungana upya. Mwambie mwenye kibodi mapema, la sivyo atakurudishia akisema ni mbovu.

Kupima kama imelala kweli, weka mita kwenye kipimo cha mikroampea katikati ya betri na bodi. Utaona bodi inawaka, inazimika, inawaka, inazimika. Si bodi. Kwenye kipimo hicho mita ina ukinzani mkubwa, na redio inapovuta miliampea kadhaa volti zinaangukia kwenye mita, bodi inakosa nguvu na kuanza upya. Unganisha ncha mbili za mita kwa waya wenye vibano, acha kibodi ifanye kazi yake mpaka ilale, ndipo ubandue waya. Sasa namba ni ya kweli. Ikiwa makumi ya mikroampea, umemaliza. Ikiwa miliampea, kuna kitu hakijakatwa: taa ya kiashirio, chipu ya zamani, au regyuleta (kidhibiti volti) iliyobaki kwenye bodi kuu.

Antena ya bodi iko upande wake wa mwisho. Usiulaze juu ya betri wala chini ya bati la chuma linaloshika swichi. Kibodi nyingi za mekanika zina bati hilo na ndilo linalofanya herufi zirukeruke ukisogea mita mbili. Utoe ukingoni, upande wa plastiki. Herufi zikiendelea kuruka, tazama upande wa kompyuta: kifaa cha USB 3.0 kinachofanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Hamisha kipokezi cha Bluetooth kwenye mlango wa USB 2.0, au kiweke kwenye kebo fupi ya kurefushia. Kompyuta yenye Windows 7 kwa kawaida haitaiona kibodi ya BLE. Inahitaji Windows 8 kwenda juu na Bluetooth 4.0.

Washa pia `CONFIG_ZMK_BLE_PASSKEY_ENTRY=y`, ili kila kuungana kupya kudai namba ya siri iliyoonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta au simu. Nenosiri la benki linapita kwenye vitufe hivi. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ilionyesha udhaifu iliouita MouseJack: vipokezi vya gigahezi 2.4 vya makampuni mengi vilikubali vitufe vilivyorushwa na mtu baki. Kwa sababu hiyo simshauri mtu kujitengenezea redio kwa chipu ya nRF24 tupu kwa ajili ya kibodi, ijapokuwa ni ya bei ndogo.

Na soketi ya USB iache ifikike nje. BIOS nyingi, zile programu za kuwashia kompyuta, hazijui Bluetooth, na siku kompyuta itakapogoma kuwaka utahitaji waya ule.

Watu wakimaliza kibodi huuliza kipanya. Kipanya usikigeuze. Kibodi hulala katikati ya vitufe viwili. Sensa ya kipanya inatazama meza muda wote, na sensa za kipanya cha waya hazikuchaguliwa kwa kubana umeme. Ukisema uhamishe bodi ya kipanya kisicho na waya iingie kwenye ganda unalolipenda, lenzi nayo ina kipimo chake: kwa sensa ya PMW3360, milimita 2.4 kutoka mezani, na nafasi ya kukosea ni milimita 0.2 juu au chini. Ganda lililochongwa kwa kisu halifikii hapo.